Filamu ya watoto Jumamosi

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunawaonyesha watoto Homeward Bound (1993): mbwa wawili na paka wanavuka milima ya Sierra Nevada kurudi kwa wenyewe. Ni dakika 84.

Tukutane uani saa 12:30 jioni, tuanze saa 1:15 giza likishaingia. Kabla ya hapo projekta haionyeshi kitu.

1. Mchango sh. 2,000 kila nyumba, kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi usiku.
2. Shuka jeupe lisilo na maua na ekstensheni ya mita 10: nani anavyo?
3. Spika iunganishwe kwa waya. Bluetooth huchelewesha sauti.

Mbwa mzee akitumbukia shimoni wadogo watalia. Msizime, anafika!

Tafadhali jibuni NIPO na idadi ya watoto kabla ya Alhamisi.