Baba, lile bati la biskuti si lako

Chesterfield, Uingereza
Jumapili usiku

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila baridi imeshaanza. Dada amenipa habari za chama cha kuzikana: kwamba wanataka kuunganisha vyama vya vijiji vinne viwe kimoja, ofisi iwe mjini, na wewe mweka hazina umekataa kutia sahihi. Kisha akaniambia watu wanasema unawachukia majirani, na Kaka naye yumo. Iliniuma sana. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu laini ingekatika kabla sijafika mbali.

Kuna mtu huku alisemwa hivyohivyo, kwa kuwa alipinga nchi yake kuwa ndani ya Umoja wa Ulaya. Tony Benn alikuwa mbunge wa mji huu kuanzia 1984 hadi 2001, kwa chama cha Labour, na hadi 1997 chama hicho kilikuwa upinzani. Habari zake nilizipata kwa mzee ninayemhudumia. Mzee huyu alikuwa mchimba makaa ya mawe. Mikononi ana makovu ya buluu, vumbi la makaa liliingia kwenye majeraha likabaki humo hadi leo. Asubuhi nikimvalisha soksi hunisimulia jinsi Benn alivyochaguliwa mwezi uleule ulipoanza mgomo mkubwa wa wachimbaji.

Najua wapinga Umoja wa Ulaya unaowasikia redioni: huanza na sheria za Brussels, makao makuu ya umoja huo, wakaishia kwetu sisi wageni. Baada ya kura ya 2016 ya kuitoa Uingereza katika umoja huo nilikuwa nikipanda basi najikunyata. Benn hakuwa wa namna hiyo. Tangu miaka ya 1950 alisimama na waliodai uhuru wa makoloni, na hoja yake kuhusu Ulaya ilitoka shina hilohilo: nani anakutawala, na nani alimpa ruhusa.

Tarehe 20 Novemba 1991 Bunge lilijadili mkutano uliokuwa unakuja kule Maastricht, Uholanzi, wa kuelekea sarafu moja na benki kuu moja ya Ulaya. Labour, ambayo katika uchaguzi wa 1983 iliahidi kuitoa nchi Ulaya, ilikuwa imeshageuka. Benn akasimama akakiri kwamba viongozi wa vyama vyote vitatu vikuu wakishakubaliana, yeye yumo katika wachache. Hakumtukana Mfaransa wala Mjerumani. Alisema wapo wanaoamini kwamba haki ya mnyonge haitatoka kwa serikali ya Uingereza, bali kwa Jacques Delors, mkuu wa Tume ya Ulaya wakati ule. Watu hao wanaona mfalme mwema ni bora kuliko Bunge baya, na yeye hajawahi kuona hivyo. Kisha akasema kwamba hata kama angekubaliana na kila kilichopendekezwa, hawezi kugawa madaraka aliyoazimwa kwa miaka mitano na watu wa Chesterfield.

Kuazimwa, Baba. Niliposoma neno hilo nililiona lile bati la biskuti la fedha za chama. Baba Mdogo alikuja usiku kuomba fedha za mahari. Ukalitoa uvunguni, ukalifungua mbele yake azione, ukalifunga. Ukamwambia, "Hizi si zangu nikakupa, wala si zangu nikakunyima." Nilikuwa nimelala mkekani nikijifanya nimesinzia.

Lakini si kila kitu nakubaliana naye. Ile likizo yenye malipo iliyonileta nyumbani Idi iliyopita chanzo chake ni sheria ya Ulaya ya 1993. Serikali ya hapa iliipinga hadi mahakamani ikashindwa, na ikaanza kutumika huku mwaka 1998. Kwa hiyo kwa mfalme mwema nimekula, na nimeshiba. Nilimwambia mzee hivyo. Akanyamaza kitambo, chai ikapoa mkononi mwake, kisha akaniuliza, "Na akija mwovu kwenye kiti hichohicho, utamtoa kwa njia gani?" Sikuwa na jibu.

Hilo lilikuwa la mwisho katika maswali matano ambayo Benn alitaka kila mwenye madaraka aulizwe, na aliyarudia Bungeni alipokuwa akiaga Machi 2001: Una madaraka gani? Umeyapata wapi? Unayatumia kwa faida ya nani? Unawajibika kwa nani? Na tutakuondoaje? Waulize hao wa ofisi ya mjini, Baba. Mtu akifa saa nane za usiku kijijini kwetu, nani ataamka kutoa fedha za sanda? Asipoamka, wanachama watamtoa wapi na lini?

Ila na wewe nakuomba jambo, kwa heshima zote. Benn ndiye aliyeshikilia wananchi waulizwe kwa kura ya maoni. Ilipopigwa Juni 1975, asilimia 67 ya waliopiga kura walitaka nchi ibaki katika Jumuiya ya Ulaya. Yeye alikuwa waziri, alikuwa amezunguka nchi nzima akiwaomba wakatae, na bado aliyapokea matokeo hadharani. Kukataa kwako peke yako nako ni kuamua kwa madaraka ya kuazimwa. Itisha mkutano, sema yako yote, halafu wahesabu mikono.

Na Kaka usimnunie. Benn alifariki 2014. Mwanawe Hilary, mbunge wa chama hichohicho, alitaka Uingereza ibaki Ulaya, na mwaka 2019 ndiye aliyeongoza wabunge kupitisha sheria ya kuizuia serikali isiitoe nchi Ulaya bila makubaliano. Baba upande huu, mtoto upande ule, na sijasikia mzee wangu akisema kwamba mmoja alimsaliti mwenzake.

Miwani yako nimeituma pamoja na dawa za Mama za kuchua magoti. Mkutano ukiisha nipigie, hata kama ni usiku huku.

Mwanao akupendaye