Watengenezaji waweke hadharani maelezo ya maunzi yao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie mti wa vifaa (device tree), yaani data inayoeleza maunzi (sehemu zinazoshikika) ya chombo, jambo lisiloonekana na watumiaji wengi wa simu na kompyuta, ingawa mara nyingi ndilo linaloamua iwapo chombo kitaweza kupokea mfumo endeshi mpya baada ya mtengenezaji kuacha kukihudumia.

Chombo kinapowashwa, kiini cha mfumo endeshi (kernel), yaani programu yake kuu inayosimamia maunzi, huanza kazi bila kujua kimewekwa juu ya maunzi gani. Vifaa vilivyounganishwa kwa njia za PCI (ya kadi za ndani ya kompyuta) au USB hujitambulisha vinapoulizwa, lakini vile vilivyojengwa ndani ya chipu moja na kichakataji, kama vile saa na milango ya mawasiliano, havina uwezo huo, na kiini kikibahatisha anwani zake huweza kukwama kabla ya kuandika hata herufi moja kwenye skrini. Lazima kiambiwe. Kompyuta nyingi za mezani hutumia majedwali ya ACPI, kiwango cha kuuelezea mfumo endeshi maunzi, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996, ilhali vyombo vingi vyenye vichakataji vya aina ya ARM na RISC-V hutumia mti wa vifaa.

Mti huo ni data yenye matawi inayoeleza kumbukumbu inaanzia wapi na ina ukubwa gani, kila kifaa kina anwani na ukatizi upi (ishara ya kukiita kichakataji), na kinaitwa kwa jina gani la muundo, jina ambalo kiini hulitumia kukichagulia kiendeshi, yaani programu ya kukiendesha kifaa hicho. Programu ya kuwashia huuweka kwenye kumbukumbu, kisha hukikabidhi kiini anwani yake. Katika ARM ya biti 64 anwani hiyo hupitishwa kwenye rejista x0, hifadhi ndogo iliyo ndani ya kichakataji. Chimbuko la mpango huu ni Open Firmware, mfumo wa programu za kuwashia kompyuta, uliowekewa kiwango cha IEEE 1275 mwaka 1994. Kiini cha Linux upande wa ARM kilichelewa kuupokea: kila bodi ilikuwa na msimbo wake ndani ya kiini, hadi mrundikano ukamfanya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alalamike hadharani mwaka 2011, na mageuzi yakashika kasi.

Kinachonisikitisha ni kwamba watengenezaji wengi bado hutoa mti uliokwisha kugeuzwa kuwa faili ya mashine tu. Faili hiyo yaweza kurudishwa katika maandishi, ila maelezo ya mhandisi hupotea na marejeo ya tawi moja kwa jingine hubaki namba tupu. Baya zaidi, wengine huandika sifa zinazoeleweka na kiini chao cha zamani peke yake, yaani wanaeleza matakwa ya kiendeshi chao badala ya kueleza maunzi yenyewe, hivyo kiini kipya hakiwezi kuutegemea mti huo.

Najua watasema ni siri ya biashara. Siikubali hoja hiyo, kwa sababu mti hauonyeshi jinsi chipu ilivyosanifiwa ndani, na faili yake tayari imo katika kila chombo kilichouzwa.

Nawaomba wachapishe chanzo cha mti huo siku ile ile chombo kinapoingia sokoni, na wakipeleke kikaguliwe na wasimamizi wa kiini cha Linux. Taasisi zinazonunua vyombo kwa wingi nazo ziliweke sharti hilo katika zabuni zao, kwa kuwa ndizo zenye sauti ambayo mnunuzi mmoja mmoja hana.

Wako,
Mwandishi wa programu