Makaa ya Kiwira na dizeli ya TAZARA

Uyole, Mbeya

Ndugu yangu Tumaini,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Huku sote wazima, ila baridi imekaza. Barua yako niliipata, na swali lako halijaniacha: kwa nini reli ya TAZARA ichome dizeli inayoletwa kwa meli, na sisi tumekalia makaa ya mawe pale Kiwira?

Nimepiga hesabu. Kichwa cha treni cha mvuke, kile kinachochoma makaa, hugeuza kama asilimia 6 au 7 tu ya joto la makaa kuwa nguvu ya kuvuta. Cha dizeli hukaribia 30. Kilo ya makaa mazuri ina joto la megajuli 25 hivi, lita ya dizeli 36. Kwa hiyo kazi ya lita moja inataka kilo 6 au 7 za makaa. Ongeza yanayoungua treni ikiwa imesimama, fanya kilo 8. Sasa chukua bei ya dizeli ya sheli ya hapo Makambako, uigawe kwa 8. Kilo ya makaa ikiuzwa chini ya hapo, kwa mafuta peke yake mvuke umeshinda! Nami naamini karibu na mgodi ungeshinda.

Unashindwa kwingine. Boila, yaani tangi la kuchemshia maji, ikipoa hutaka saa nyingi kupata mvuke, halafu kuna majivu ya kuzoa, boila ya kuosha, na maji ya kujaza njiani kila mara. Na ule mpando wa kutoka Mlimba kuja kwenu! Vichwa viwili vya dizeli huunganishwa vikaendeshwa na dereva mmoja. Vya mvuke kila kimoja kinataka dereva na mchochea moto wake, na moshi wote ule ndani ya mahandaki. Wachina wenyewe walikuwa bado wanaunda vichwa vya mvuke kwao walipotujengea reli hii, lakini sisi walituletea dizeli.

Afrika Kusini mwaka 1981 mhandisi David Wardale alikiunda upya kichwa kimoja cha mvuke, kikapunguza makaa kwa zaidi ya robo. Kazi kubwa, naiheshimu sana. Hata hivyo reli za huko ziliendelea kuhamia dizeli na umeme.

Mimi ningeyapeleka makaa ya Kiwira kwenye mtambo wa umeme. Huko kama theluthi ya joto hugeuka umeme, na treni za umeme tunazo tayari, Dar es Salaam hadi Dodoma. Wewe waonaje? Waulize madereva wa hapo stesheni wanaunganisha vichwa vingapi kwenye mpando, uniandikie.

Wako,
Ambakisye