Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: tuwasikilize waliokwenda Kampala kwa miguu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Dodoma.

YAH: KUREKODI KUMBUKUMBU ZA ASKARI WA MIGUU WA VITA VYA KAGERA

Mheshimiwa, nakusalimu kwa heshima. Ombi langu ni kwamba wizara yako itume watu wenye vinasa sauti wakawasikilize askari wa kawaida waliopigana Vita vya Kagera, mgambo wakiwemo, huko huko vijijini waliko. Kijana aliyekuwa na miaka 20 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka kutuvamia, Oktoba 1978, leo anakaribia 70. Na wengi wao walikuwa wakubwa kuliko hapo.

Mimi ni mwalimu wa historia sekondari. Kila ninapofika kwenye vita hivi, somo linakwenda vizuri mpaka mwanafunzi mmoja anyooshe mkono aulize: walikuwa wanakula nini? Wakichoka walilala wapi? Tarehe ninazo. Masaka ilitekwa Februari 24, 1979, Kampala Aprili 11, na mwanzoni mwa Juni vikosi vyetu vikafika mpaka wa Sudan. Majina ya makamanda Musuguri na Mayunga wanafunzi wangu wanayajua. Maswali yale mengine nayajibu kwa sababu tu baba yangu mdogo alikuwemo.

Alikuwa mkulima, akachukuliwa kama mgambo. Jeshi letu, lililokuwa na askari wasiofika 40,000, lilipanuka kwa miezi michache likapita 100,000, na mgambo walikuwa kiasi cha 40,000 kati yao. Kutoka Mutukula, mpakani, hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200, na wengi walizitembea, bunduki begani, risasi na chakula mgongoni, mvua za masika zikiwanyeshea. Baba mdogo alizungumza zaidi juu ya miguu kuliko juu ya risasi. Soksi zilizooza ndani ya buti. Usingizi uliomshika mtu akiwa bado anatembea, mpaka amgonge aliye mbele yake. Ugali ulioliwa baridi kwa kuwa moshi ungewafichua.

Kisha Lukaya, mji ulio njiani kati ya Masaka na Kampala. Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo na wengi wao hawajawahi kuonja vita, ndiyo iliyopelekwa moja kwa moja kwa njia kuu, kinamasi kikiwa kando yake. Machi 10 wakakutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin, wenye vifaru na maroketi. Wakarudi nyuma wametawanyika. Siku ya pili walijipanga upya wakashambulia kwa mbele, huku Brigedi ya 208 ikizunguka na kupiga kutoka upande wa Kampala. Maelezo niliyosoma huishia kwenye mishale ya ramani. Mimi nataka kujua kilichotokea usiku ule katikati. Mkulima aliyekimbia jioni alirudishwa na nini asubuhi? Hilo kamanda hawezi kulijibu kwa niaba yake. Baba mdogo alinijibu kwa sentensi moja, kwamba aliona aibu kumwacha jirani yake wa kijijini, waliyechukuliwa naye siku moja. Nilitamani kumuuliza zaidi. Amefariki.

Waliokufa vitani tunawaenzi, na ni haki yao. Wamelala Kaboya, Muleba, na kila Julai 25 taifa linaweka silaha za jadi na mashada kwa ajili ya mashujaa wake. Waliosalimika walirudi kwenye jembe. Wenyeviti wa vijiji wanawafahamu kwa majina, na walimu wa historia tuko tayari kusaidia kazi ya kuandika. Sauti hizo zihifadhiwe kwenye Nyaraka za Taifa, na nakala zifike shuleni.

Yatasemwa pia mambo yasiyopendeza: hofu, uporaji, mwenzao aliyeachwa njiani kwa kuwa hakuwa na wa kumbeba. Naomba yasikatwe. Mtu aliyetumwa kuua akiwa na mafunzo ya muda mfupi ana haki ya kueleza yote yaliyompata, na watoto ninaowafundisha wana akili ya kuyapokea.

Kuna kikwazo kimoja ambacho ni ofisi yako tu inayoweza kukiondoa. Nimekaa na wazee kadhaa wa vita hivi, na mara nyingi mazungumzo hukatika pale pale: "Mwalimu, sisi tuliapa." Hawajui siri ya jeshi inaishia wapi baada ya miaka zaidi ya 40, kwa hiyo wanafunga mdomo hata juu ya ugali na soksi. Wanaondoka nayo. Naomba utoe waraka mfupi, kwa Kiswahili chepesi, unaosema ni yapi bado ni siri na yapi wako huru kuyasimulia, na usomwe kwenye mikutano ya vijiji. Kama kurekodi kutahitaji bajeti ya mwaka ujao, waraka huu unaweza kutoka mwezi huu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa historia, shule ya sekondari ya kata