Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama kwa Mwaka 2024

Ndugu wanachama wa redio yetu ya jamii hapa Kigoma,

Vikao vya kawaida, mafunzo ya waandishi wetu wa kujitolea na maadhimisho ya Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari, tarehe 3 Mei, vilifanyika kama mnavyofahamu, hivyo sitavirudia.

Jambo lililozua maneno ni kukataliwa kwa shilingi 1,200,000 za mgombea mmoja kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba. Mgombea huyo alitaka kipindi cha kila jioni katika redio yetu ya jamii, kwa sharti kwamba wapinzani wake wasialikwe. Wapo wanaosema nimekataa riziki ya redio huku tukidaiwa pango, na wapo wanaodai niliamua peke yangu. Kamati ilikaa, akidi ilitimia na muhtasari upo. Ni kweli kwamba hoja niliileta mimi, na ningeileta tena. Ibara ya 18 ya Katiba ya nchi inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu masuala muhimu kwa jamii; redio ikishamuuzia mgombea mmoja kipaza sauti, msikilizaji wa Ujiji au Mwanga atampima vipi yule asiyesikika?

Badala yake tuliwaita wagombea wote wa mtaa kwenye mwalo wa Kibirizi, wanakoshusha samaki wavuvi, tukarusha mjadala moja kwa moja. Mama mmoja mwanika dagaa, magamba yakiwa bado yamemganda viganjani, aliuliza kwa nini wananchi hawakusomewa mapato na matumizi ya mtaa mwaka mzima, na mchango wa taka anaoutoa kila mwezi unaishia wapi. Mgombea wa kwanza kujibu aliomba swali lirudiwe. Mama akalirudia, kwa sauti kubwa zaidi, na mji mzima ukasikia.

Kuhusu fedha, kati ya wanachama 143 ni 51 tu waliolipa ada ya shilingi 12,000. Wanachama 92 wanadaiwa jumla ya shilingi 1,104,000, karibu sawa na fedha ambazo ninalaumiwa kwa kuzikataa. Inanisikitisha kwamba mkutano mkuu uliahirishwa mara mbili kwa kukosa akidi, na kwamba baadhi ya wanaolalamika hawakuonekana katika kikao hata kimoja.

Uchaguzi Mkuu ni mwaka huu wa 2025. Ni matumaini yangu kwamba, hali ikiruhusu, tutapeleka mijadala ya namna hii katika kata nyingine na kupata umeme wa jua. Mhazini anapokea ada kuanzia leo.

Mwenyekiti,
Kigoma