Ratiba ya shule haihamishwi sebuleni hivi hivi

Mhariri,

Kuna msomaji aliandika kwa ukurasa huu akisema watoto wanaosomea nyumbani hawana ratiba, ati wanaamka wakitaka na wanasoma mzazi akikumbuka. Sikatai, nyumba kama hizo ziko. Lakini dawa aliyotoa ndiyo imenifanya nishike simu niandike, kwamba kila mzazi abandike ukutani ratiba kama ya shule, saa mbili Hisabati, saa mbili na dakika thelathini na tano Kiingereza, hivyo hivyo mpaka saa tisa. Huyo hajawahi kusomesha watoto watatu kwa meza moja huku Umoja.

Hebu tuangalie hiyo ratiba imetoka wapi. Gredi ya 4 hadi ya 6 kipindi ni dakika 35, wale wadogo wa Gredi ya 1 hadi ya 3 ni dakika 30, sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, ni 40. Hizo dakika zimepangiwa mwalimu mmoja na darasa limejaa, kuna kuita majina, kuna kugawa vitabu, kuna kungoja wa nyuma wamalize kunakili, halafu kusahihisha. Nyumbani mtoto akielewa sehemu kwa dakika 15 ameelewa, hizo 20 zilizobaki unamkalisha afanye nini? Na asipoelewa hakuna kengele ya kuwaokoa, mnakaa na hiyo hesabu saa nzima na Sayansi ingoje. Sasa mzazi amebandika ratiba ya dakika kwa dakika, ikifika Jumatano imeshavurugika, anaanza kupigia watoto kelele juu ya kitu ambacho hakingewezekana tangu mwanzo. Kumbukeni 2020, shule zilifungwa Machi na wengi wakarudi darasani Januari 2021, nyumba ngapi zilibandika ratiba wiki ya kwanza na ni ngapi zilikuwa bado ukutani ikifika Mei?

Kwetu tunapanga kwa wiki, si kwa saa. Mimi nafanya shifti Industrial Area, wiki moja mchana wiki nyingine usiku, na mke wangu anauza nguo Gikomba, siku anafungua beli usimuulize mambo ya masomo. Tukiandika "Jumanne saa nne Kiswahili" tutakuwa tunajidanganya. Kuna vitu viwili tu ambavyo havisongi. Asubuhi baada ya chai ni Hisabati na kusoma kwa sauti, haijalishi ni mzazi gani yuko, hata kama ni shangazi yao amekuja kutusaidia. Cha pili ni Ijumaa, haipangiwi somo jipya hata moja. Hapo kwa Ijumaa ndipo watu wengi hawanielewi, wanaona ni uvivu, lakini stima ikipotea Jumatatu, maji ya mgao yafike Jumatano kila mtu akimbie kujaza mitungi, mdogo apatwe na homa, ile kazi iliyobaki itaenda wapi kama wiki yote umeijaza pomoni? Inaenda Ijumaa. Bila Ijumaa inasukumwa wiki inayofuata, na hiyo inasukuma nyingine, mwisho wa muhula una deni la mada nzima na hujui lilianzia wapi. Na kama hakuna kilichobaki tunaenda maktaba ya Buruburu, watoto wanapenda hiyo Ijumaa kuliko Jumamosi yenyewe.

Wiki utaijazaje? Watu wananunua vitabu vingi halafu wanafuata kitabu ukurasa kwa ukurasa, mimi naona hiyo ni kuanza na mkia. KICD, ile taasisi ya serikali inayotunga mitaala, wameweka miundo ya mtaala kwa tovuti yao, na kwa kila mada ndogo wameandika inatakiwa vipindi vingapi. Hiyo namba wazazi wanairuka na ndiyo ya maana. Jumlisha vipindi vya somo, gawa kwa wiki za muhula (ukitoa wiki moja ya mwisho, itakuja kukusaidia), na hapo unajua wiki hii mtoto anafaa kumaliza nini. Vipindi hapa ni vya kupimia uzito wa mada tu, mada ya vipindi kumi ni kubwa mara mbili ya ile ya vitano, basi, si lazima ukae dakika zote hizo. Jumapili jioni kila mtoto anaandikiwa kazi yake ya wiki kwa karatasi moja na anapiga alama mwenyewe akimaliza, mkubwa wetu wa Gredi ya 8 sahii hata haniulizi.

Wakiwa wa gredi tofauti tenganisha Hisabati na lugha peke yake. Dini, sanaa, Kilimo, Sayansi za Jamii, hayo wanaweza kusikiliza pamoja na kila mmoja apewe kazi ya kiwango chake. Mkiwapeleka makumbusho pale Museum Hill waone mifupa ya kale ya yule kijana wa Turkana, ambaye kikosi cha Kamoya Kimeu kilianza kumfukua mwaka wa 1984, wa Gredi ya 2 atamchora, wa Gredi ya 5 ataandika insha na mkubwa apambane na sifuri za miaka milioni moja na nusu. Nendeni siku ya kazi tu, wikendi mtaona vichwa vya watu.

Mambo ya sheria siingii sana. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule na sisi tunaishi hapo katikati, hiyo ni barua nyingine. Ila kuna sehemu moja ambapo mpango wa nyumbani unagonga ukuta hata uwe mzuri namna gani, nayo ni mitihani. Wanaofuata mtaala wa Uingereza wana njia, mtoto anasajiliwa kama mtahiniwa wa kibinafsi kupitia British Council. Sisi wa mtaala wa hapa ni tofauti, maana kwenda sekondari ya juu ule mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6 unabeba asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, halafu mtihani wa KJSEA wa Gredi ya 9 ndio asilimia 60. Hizo tathmini za katikati zinafanyiwa shuleni na alama zinapelekwa na shule, kwa hivyo mzazi akingoja mpaka Gredi ya 9 ndipo atafute shule ya kumsajili mtoto, amechelewa miaka miwili. Hii ndiyo tarehe ya kwanza ya kuandika kwa kalenda, kabla hata hujanunua daftari.

Na hapo Mhariri naomba gazeti litusaidie. Tuulizieni KNEC, baraza la mitihani, ni vituo gani vya mitihani Nairobi hii vinakubali mtoto anayesomea nyumbani, na vinataka aletwe kuanzia gredi gani, mchapishe majibu. Sahii tunabisha mlango kwa mlango, shule moja inakuambia lete mtoto, ya pili inakuambia mpaka ulipe karo ya mwaka mzima, ya tatu mlinzi hata hakufungulii geti.

Mzazi wa watatu,
Umoja, Nairobi