Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: vidonge vimefika, je vinamezwa?

Ndugu wanachama, habari zenu. Mahesabu atawasomea mweka hazina, mimi naongelea kazi tu, na kazi yetu mwaka huu ilikua moja, damu za wajawazito wa vijijini.

Kwa wale wapya, WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema mjamzito akipima hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikawa chini ya 11 (gramu kwa desilita), au chini ya 10.5 kwenye miezi mitatu ya katikati ya mimba, huyo ana upungufu wa damu, na duniani zaidi ya theluthi moja ya wajawazito wako hapo. Ushauri wao ni kidonge kila siku, madini ya chuma miligramu 30 hadi 60 pamoja na folik asidi (aina ya vitamini) maikrogramu 400. Sawa. Vidonge mara nyingi vinafika, sema ukimtembelea mama nyumbani unakuta pakiti imewekwa vizuri kabisa juu ya kabati, vimetoka viwili vitatu basi. Ukikaa nae taratibu ndo anafunguka, choo kilikua cheusi akaogopa, mwingine kichefuchefu, mwingine kaambiwa na mama mkwe eti mtoto atakua mkubwa ashindwe kumzaa. Kliniki alipewa vidonge ila hakuna aliyemwambia choo cheusi ni chuma kilichobaki tu wala hakina shida, na kama kinamchafua tumbo ameze usiku akishakula, na chai au kahawa isiwe karibu na kidonge maana inazuia chuma kuingia mwilini, bora tunda chachu. Maneno ya dakika tano hayo jamani.

Malaria na minyoo nazo zinapunguza damu, kwahiyo neti na dawa ya minyoo (baada ya miezi 3 ya kwanza) tunaendelea nazo kama kawaida.

Kwenye lishe nisiwafiche, vile vikao vya kuwaita akina mama peke yao sivipendi. Tunawafundisha maini, maharage, mboga za majani, wao wanajua yote hayo, lakini hela ya mboga anashika baba, na nyama ikipikwa mama anajipakulia mwisho kilichobaki mchuzi. Pale ambapo waume na wakwe waliitwa maongezi yalikua mengine kabisa, kuna mzee alisimama akauliza kwa hasira mbona hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mwanamke mwenye damu kidogo akitoka damu wakati wa kujifungua anaweza kufa haraka. Mwaka ujao kikao bila wanaume tusikihesabu kama kikao, hilo naliomba mlipitishe leo.

La mwisho, wanaotembelea majumbani acheni kuuliza "vidonge unavyo?" maana kila mtu atasema ndio, ulizeni cha jana alimeza saa ngapi na kilimfanyaje, muandike. Fomu mpya anazo katibu, chukueni kabla hamjatawanyika.